Lita 30,000 ndani ya mtu mmoja

Mtu mzima wa kilo 60 ana maji yasiyofika lita 40 mwilini. Akipewa klorokwini, dawa ya malaria, kisha mtaalamu agawe kiasi cha dawa kilichomo mwilini kwa ukolezi wake katika maji ya damu, jibu linaweza kuwa lita 30,000. Hesabu haijakosewa. Lita hizo hazipo popote. Zinaonyesha jinsi dawa ilivyoikimbia damu na kujichimbia kwenye ini, mapafu, wengu, hata tishu za jicho. Huo ndio ujazo wa mtawanyiko.

Kipimo cha pili ni kasi ya usafishaji: lita ngapi za damu zinaondolewa dawa yote kila saa, hasa na ini na figo. Kutokana na viwili hivi hupatikana nusu-uhai, yaani muda ambao ukolezi wa dawa hushuka kwa nusu. Zidisha 0.693, ambayo ni logi asilia ya 2, kwa ujazo wa mtawanyiko, kisha gawa kwa kasi ya usafishaji. Kwa mfano, lita 30,000 zikisafishwa lita 30 kila saa, nusu-uhai ni saa 693, karibu siku 29.

Ini halikuzembea hapo. Dawa iliyojificha kwenye tishu haliifikii mpaka irudi kwenye damu, nayo hurudi kidogo kidogo. Kwa hiyo nusu-uhai ukisomwa peke yake hupotosha: namba ile ile huweza kutokana na ini dhaifu au na tishu zenye uchu wa dawa.

Mkia huu mrefu wa dawa inayoisha polepole una hatari yake. Vimelea vipya vya malaria vikiingia wakati dawa imebaki kidogo, vile dhaifu hufa na sugu husalia kuzaliana. Hali hiyo ilichangia usugu ulioifanya Tanzania Bara kuiacha klorokwini mwaka 2001.

Dawa ya mseto, ALu, iliyoanza kutumika huko mwaka 2006, imeunganisha artemetha na lumefantrini, ambazo nusu-uhai zake zinapishana sana. Artemetha hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili au tatu tu, lakini dawa za jamii yake zinaweza kupunguza vimelea mara 10,000 katika kila mzunguko wao wa kuzaliana wa saa 48. Siku tatu za dozi hugusa mizunguko miwili. Mgonjwa mwenye vimelea trilioni moja angebakiwa na kama 10,000, na homa huenda imekwisha kabisa.

Mabaki hayo ni kazi ya lumefantrini, ambayo nusu-uhai wake ni siku tatu hadi sita. Nayo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huhitaji mafuta ili ifyonzwe tumboni, ndiyo maana mgonjwa huambiwa ameze vidonge pamoja na chakula au maziwa. Akimeza dozi za mwisho akiwa na njaa, dawa inayoingia kwenye damu hupungua sana, na siku zinazofuata artemetha haipo tena ya kuisaidia.