Mahindi, Chokaa na Pilipili: Upishi wa Meksiko kwa Watu wa Meru na Embu Walioko Dallas

Kati ya vyakula vya kigeni ambavyo Mkenya anayeishi katika jimbo la Texas anaweza kujifunza kupika, hakuna vilivyo karibu zaidi na jiko la Meru na Embu kuliko vile vya jadi vya Meksiko, kwa kuwa msingi wake ni mahindi makavu na maharagwe, yaani vitu vile vile vinavyochemshwa pamoja kupata githeri, ambayo pwani na Tanzania hujulikana kama pure au kande. Hata hivyo, ukaribu huo hauonekani upesi mjini Dallas (mji wa Texas, si mtaa wa mjini Embu wenye jina hilo hilo), kwa sababu chakula ambacho mgeni hukutana nacho kwanza kwa jina la Meksiko katika mikahawa ya huko kimetoka katika historia nyingine, na anayejifunza kwa kukiiga hukosa kile hasa ambacho angekifahamu kwa haraka.

Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836, na familia zilizobaki huko baada ya mpaka kuhama, pamoja na zile zilizokimbilia kaskazini wakati wa Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910, zilipika kwa kile kilichopatikana: unga wa ngano, nyama ya ng'ombe iliyosagwa, jibini ya manjano na bizari nyembamba kwa wingi. Kutokana na hali hiyo ulizaliwa upishi wa Texas wenye asili ya Meksiko, ambao mkahawa wa El Fenix, uliofunguliwa Dallas mwaka 1918, ni miongoni mwa vielelezo vyake vya kale. Tofauti kati ya upishi huo na ule wa ndani ya Meksiko ilielezwa wazi kwa wasomaji wa Kiingereza na Diana Kennedy, Mwingereza aliyehamia Meksiko mwaka 1957, akajifunza kwa wapishi wa vijijini na masokoni, kisha akatoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1972. Chakula cha Texas ni halali na kina historia yake ya kuheshimiwa, lakini hakimfundishi mtu jinsi hindi linavyogeuzwa kuwa mkate, na hilo ndilo somo la kwanza.

Mlango wa kuingilia katika somo hilo ni duka la vyakula. Takriban wakazi wanne kati ya kumi wa Dallas wana asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao Wameksiko, na maduka yanayowahudumia, kama yale ya mtaa wa Oak Cliff, ndiyo yanayouza mengi ya yale ambayo mpishi kutoka Imenti au Mbeere huyatafuta bila kuyaona katika duka la kawaida la Kimarekani: mahindi meupe makavu, ndizi mbichi, viazi vya jamii ya nduma, nyama ya mbuzi, matumbo na maparachichi ya kila kiwango cha kuiva. Anayeingia kununua mahindi ya githeri huwa tayari amesimama mbele ya rafu anayoihitaji. Kilichobaki ni kutazama kilichopangwa kando ya mahindi hayo, yaani pakiti ndogo za unga mweupe unaoitwa cal (chokaa ya chakula), na mifuko ya pilipili kavu nyekundu na nyeusi.

Mahindi yenyewe ni ya Meksiko. Yalianza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita katika bonde la mto Balsas, kusini mwa nchi hiyo, kutokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, na yalivuka bahari baada ya safari za Wahispania na Wareno za mwishoni mwa karne ya 15. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mtama, wimbi, mawele, viazi vikuu, njahi na mbaazi vilikuwa chakula cha muda mrefu, mahindi meupe yalitawala mashamba katika karne ya 20, hata kituo cha utafiti cha Embu kikawa mahali palipoboreshwa mbegu chotara kama H511, iliyokusudiwa maeneo ya mwinuko wa kati. Lakini mbegu ilisafiri peke yake. Ujuzi wa wanawake wa Meksiko wa kuyatayarisha mahindi kwa chokaa haukupanda meli pamoja nayo, wala haukufika Ulaya, wala Afrika.

Ujuzi huo huitwa nikstamali. Kilo moja ya mahindi meupe makavu huoshwa, ikatiwa katika takriban lita tatu za maji yaliyokorogwa na gramu kumi hivi za chokaa ya chakula, ikachemshwa kwa moto wa wastani kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, kisha sufuria hufunikwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa ya manjano, na ganda la nje la punje limelainika kiasi cha kutoka kwa kusuguliwa kwa vidole. Mahindi huoshwa mara kadhaa, kisha husagwa yangali na unyevu hadi yawe kinyunga laini kiitwacho masa, ambacho hukandamizwa kuwa mikate myembamba ya mviringo, yaani tortilla, na kuokwa juu ya kikaango kikavu. Chokaa inayotumika ni ile safi ya kula, ya aina moja na chokaa ambayo watu wa pwani huipaka kwenye tambuu, na kamwe si ya kujengea. Tahadhari nyingine inawahusu Wakenya hasa: sufuria nyepesi za alumini haifai kuzitumia, maana chokaa huila alumini, chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au cha enameli.

Mpishi wa Meru au Embu hatashangazwa na wazo la kutia kitu chenye uchungu wa majivu katika maji ya mahindi, kwa kuwa magadi hutumika katika majiko mengi ya Kenya kulainisha githeri, na kabla ya magadi ya dukani jamii nyingi zilichuja maji ya majivu kwa kazi hiyo hiyo. Magadi na chokaa vyote hulegeza ganda la punje. Chokaa, hata hivyo, ina kalsiamu, na kalsiamu hiyo huifanya masa ishikane bila kupasuka, jambo ambalo magadi hayawezi. Ndiyo sababu unga wa kawaida wa ugali, ambao haukupitia chokaa, hukatikakatika mtu anapojaribu kuutengenezea tortilla, hata akiukanda kwa ustadi gani. Faida ya pili ni ya kiafya. Mahindi yana niasini, ambayo ni vitamini ya kundi B, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuichukua mpaka chokaa iifungue. Watu waliotegemea mahindi matupu bila chokaa, kama maskini wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, waliugua pelagra, maradhi yanayochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili. Githeri imewakinga walaji wake kwa njia nyingine, kwa kuwa maharagwe huongeza kile ambacho mahindi hayakitoi.

Kuhusu maharagwe hakuna mengi ya kujifunza. Maharagwe ya pinto, yenye madoa ya kahawia, ambayo hujaza magunia katika maduka ya Texas, ni ya aina moja na mwitemania inayolimwa sehemu kavu za Embu na Mbeere, na asili yake ni nyanda za juu za Meksiko. Mpishi wa Meksiko huyachemsha pamoja na kitunguu, mafuta kidogo na jani la epazote, mmea wenye harufu kali. Jambo moja la kukumbuka ni mwinuko: Embu iko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari na jiji la Meksiko mita 2,240, mahali ambapo maji huchemka kabla ya kufikia joto la nyuzi 100, ilhali Dallas iko chini ya mita 200, kwa hiyo chungu cha Dallas huiva mapema kuliko mazoea ya nyumbani yanavyoeleza, na mapema kuliko vitabu vilivyoandikwa nyanda za juu za Meksiko.

Ugumu wa kweli uko katika pilipili. Katika vyakula vya Meru na Embu pilipili si kiungo cha lazima, na inapotumika hutafutiwa ukali. Mpishi wa Meksiko huitafutia ladha, rangi na uzito wa mchuzi kwanza, na aina zilizo muhimu zaidi jikoni mwake si kali sana: ancho, iliyokaushwa ikiwa imeiva, ina utamu wa tunda kavu, na guajillo ina wekundu mwangavu na uchachu mdogo. Pilipili hizo hupasuliwa, zikatolewa mbegu, zikapitishwa juu ya kikaango kikavu kwa sekunde chache tu, kwa kuwa zikiungua mchuzi wote huwa mchungu na hauna dawa. Kisha hulowekwa katika maji ya moto, husagwa na kitunguu saumu na viungo, na uji huo mzito hukaangwa katika mafuta hadi rangi yake igeuke. Hatua hii ya kukaanga kilichokwisha sagwa ndiyo ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha mchuzi uliokamilika na mchuzi mbichi. Mahali pazuri pa kuijaribu ni birria, chakula cha jimbo la Jalisco ambamo nyama ya mbuzi hupakwa mchuzi wa pilipili, ikafunikwa barabara na kuiva polepole kwa saa kadhaa, kisha ikaliwa na supu yake, kitunguu kibichi, dania na ndimu. Kwa watu ambao hawafanyi sherehe bila mbuzi, hakuna chakula cha Meksiko kinachostahili juhudi zaidi.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, ikitaja kilimo cha mahindi, nikstamali na vyombo vya kusagia kama sehemu za urithi huo. Walimu wake wako Dallas, ni wauzaji na wanunuzi wa maduka yale yale, na kina mama wanaokanda masa ya tamale (vifurushi vya masa vinavyopikwa kwa mvuke), ambazo katika majimbo ya kusini kama Oaxaca hufungwa kwa majani ya migomba. Anayetaka kujifunza asianze na mole, mchuzi wa viungo vingi unaowashinda hata wazoefu. Anunue mahindi meupe na pakiti ya chokaa ya chakula, aulize dukani jinsi ya kuvitumia, ahakikishe tortilla zake zinakunjika bila kupasuka, kisha ahamie kwenye pilipili na mbuzi.