Mkono wa Pampu Ukianza Kucheza, Badilisheni Bushi

Safari hii tunazungumza juu ya kifaa kidogo cha plastiki. Wengi wetu hatukioni, lakini kikiisha na kuachwa, kijiji kizima hukosa maji. Ni bushi za pampu ya mkono.

Hapa Waa, na kuendelea Diani mpaka Msambweni, visima vingi vina pampu ya Afridev. Si ngeni kwetu. Ilitokana na majaribio ya Malawi na Kenya, na miaka ya 1980 Kwale ilikuwa mahali pamoja ilipojaribiwa. Shirika la KWAHO liliwafundisha kina mama wa vijijini kuitunza. Ndiyo maana inafunguka kwa spana moja tu, ili kijiji chenyewe kiitengeneze.

BUSHI INAFANYA NINI?

Mkono wa pampu hupanda na kushuka mara nyingi mno kwa siku. Unazunguka kwa pini mbili za chuma: moja ni egemeo la mkono, ya pili inashika fimbo inayovuta maji. Kila pini ina seti mbili za bushi, moja kila upande. Jumla ni seti 4, na kila seti ina bushi ya ndani na ya nje. Kazi yake ni kuliwa yenyewe, ili chuma kisile chuma.

Waulizeni wenye magari ya zamani. Sukani ikianza kucheza, mara nyingi bushi za boksi la sukani zimeisha. Akizibadilisha mapema, gari linapona. Akingoja, shafti inaliwa, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Pampu ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba bushi za sukani hutaka fundi na mashine, lakini hizi zetu huingizwa kwa mkono.

DALILI

Shikeni mkono wa pampu, mwusukume kushoto na kulia. Ukicheza sana, au ukilia na kukwaruza, bushi zimekwisha. Lakini mkono ukiwa imara na maji yanachelewa kutoka, msilaumu bushi. Hapo angalieni mpira wa pistoni au valvu ya chini.

KAZI YENYEWE

1. Watangazieni watu wateke maji mapema. Tandikeni gunia safi, vifaa visiingie mchanga.

2. Fungueni kifuniko cha kichwa cha pampu, kisha mlegeze nati za pini. Mtu mmoja aishike fimbo imara wakati wote. Ikidondoka kisimani, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

3. Toeni mkono, chomoeni pini, toeni bushi kuukuu. Pangusheni kutu na mchanga wote.

4. Kagueni pini kwa kidole. Ikiwa na mfereji, ibadilisheni pia, maana bushi mpya juu ya pini mbovu haitadumu. Tazameni pia tundu linalokaa bushi. Likiwa limepanuka upande mmoja, mwiteni fundi kabla ya kuendelea.

5. Ingizeni bushi mpya kwa mkono, msipige nyundo. Ikikataa, bado kuna uchafu, au si ya saizi yake. Badilisheni seti zote 4 pamoja. Mpya ikikaa na kuukuu, mkono huenda upande.

6. Msipake grisi. Plastiki hii hufanya kazi kavu, na grisi hukamata mchanga wetu wa pwani ikawa kama msasa.

7. Rudisheni kila kitu, kazeni nati pande zote mbili, mjaribu tena kushoto na kulia. Baada ya siku chache rudini mkaze tena.

TUSINGOJE IVUNJIKE

Tumeona kamati iliyoweka kipande cha malapa mahali pa bushi. Mkono ulitulia kidogo, kisha pini ikaanza kula chuma. Mwisho wake ulitakiwa mkono mpya, na pesa hazikuwapo. Kina mama wakarudi kwenye kisima cha wazi, na wasichana wakaanza kuchelewa shuleni kwa ajili ya ndoo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hivyo tunashauri bushi zibadilishwe kila mwaka, hata kama pampu bado inavuta. Kamati iwe na seti moja kamili akiba, imenunuliwa kwa michango ya maji. Mkienda dukani bebeni bushi kuukuu kama sampuli. Andikeni tarehe daftarini, ili mweka hazina mpya asianze kubahatisha.

Na wafundishwe watu wawili au watatu, si mmoja. Akiolewa mbali au akienda Mombasa kutafuta kazi, ujuzi ubaki kijijini. Wawe wa msikitini au wa kanisani, maji hayaulizi mtu anasali wapi.

YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

- Mara ya mwisho kubadilisha bushi ilikuwa lini? Nani anajua?
- Spana ya pampu yetu iko kwa nani?
- Pampu ikisimama kesho, tuna pesa ngapi mkononi?

Mkimaliza kuzungumza, msirudi nyumbani moja kwa moja. Piteni kisimani mkautikise ule mkono.