Je, Wajua? Maajabu ya Mfuko wa Chakula, Kutoka Kijenge Hadi Kilele cha Meru

Loshoro yote inaingia wapi?
Mfuko wa chakula mtupu una nafasi ya mililita 75 hivi. Ukishiba, hufika lita 1 na zaidi! Kuta zake zina mikunjo inayokunjuka na kulegea unapokula, kwa hiyo bakuli zima la loshoro huingia bila presha ya ndani kupanda sana.

Damu isiyokwama njiani
Mishipa mikubwa minne huuzunguka mfuko huu, miwili kila ukingo, na yote chimbuko lake ni shina moja fupi. Kwa kuwa imeunganika, mmoja ukiziba damu hupitia mwingine, kama daladala inayokwepa foleni ya Kijenge kwa kukata uchochoroni.

Mfuko hugeuzwa umio
Mtu akiondolewa umio, daktari wa upasuaji anaweza kuushona mfuko wa chakula uwe bomba na kuuvuta hadi shingoni, ukitegemea hasa mshipa mmoja wa damu, ule wa chini kulia. Utaalamu huu una thamani kubwa kwetu, maana saratani ya umio imeenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwamo.

Ini hupokea kwanza
Damu ikitoka kwenye mfuko wa chakula hairudi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini. Ndiyo maana mbege hukutana na ini kabla haijapanda kichwani.

Mbega ana vyumba
Mbega wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha ana mfuko wenye vyumba kadhaa, ambamo bakteria huchachusha majani. Sisi tuna chumba kimoja chenye asidi kali. Tungekula mlo wake, tungeshinda na njaa.

Mpangaji wa miaka 58,000
Utafiti wa jeni wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, alisambaa na binadamu kutoka Afrika Mashariki miaka kama 58,000 iliyopita. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia alimnywa makusudi ili kuthibitisha madhara yake. 2005 akapata Nobeli pamoja na Robin Warren.

Mlimani, hewa hutanuka
Kutoka Arusha, mita 1,400 hivi, hadi kilele cha Meru, mita 4,566, hewa iliyonaswa tumboni inaweza kuongezeka ujazo kwa kama nusu, kwa sababu kanieneo la nje hupungua. Basi mwenzenu akibeua mkikaribia kileleni, msameheni: mlima ndio wa kulaumiwa.