Gurudumu la Nyuma Lililopotoka: Pima Kwanza, Kisha Ununue

Tairi la mbele linapolika upande mmoja, dereva hulipeleka gari kwa fundi bila kukawia. Tairi la nyuma linapolika vivyo hivyo, madereva wengi hulihamishia mbele na safari ikaendelea. Hilo ni kosa, na gharama yake ni kubwa. Usukani huelekeza magurudumu ya mbele, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua mkia wa gari utafuata njia ipi. Mkia ukienda kwa hiari yake, dereva hulazimika kuushika usukani mshazari ili gari liende moja kwa moja. Mvua ikinyesha, au breki zikikanyagwa katika kona, mkia huo huweza kumponyoka.

Ndugu askari wa Kasese na Bwera wanayo sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Barabara itokayo Kasese hukata tambarare hadi Kikorongo, si mbali na mstari wa ikweta, kisha hugeuka magharibi, ikapita Kinyamaseke na kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Njia za pembeni zipandazo vilimani zina mawe, na mito ishukayo kutoka Rwenzori huongeza mawe mengine. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Kila shimo na kila jiwe hupiga ekseli. Na tangu shule ya Lhubiriha, Mpondwe, iliposhambuliwa mwezi Juni 2023, hakuna haja ya kumweleza askari kwa nini gari la doria lapasa kuwa tayari usiku na mchana.

Kabla ya kununua chochote, pima. Weka gari mahali tambarare, jaza upepo sawasawa, elekeza usukani mbele. Nyosha kamba mbili sambamba, moja kila upande, zikiwa na umbali ulio sawa kutoka vitovu vya magurudumu ya kulia na ya kushoto. Sasa pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, kisha hadi ukingo wake wa nyuma. Tofauti inayotakiwa ni ndogo mno, nayo imeandikwa katika kitabu cha gari. Asidharau mtu milimita 2. Katika rimu ya kipenyo cha milimita 400, milimita 2 zaidi ya kipimo ni sawa na gurudumu kutaka kwenda kando mita 5 katika kila kilomita. Katika safari ya kilomita 50, tairi hilo limeburutwa kando jumla ya mita 250, na mpira ndio unaolipa.

Vipuri vinavyofaa hutegemea namna ekseli ilivyoundwa. Pikapu nyingi hubebwa na springi za majani. Hapo kipimo cha kwanza ni umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha nyuma, upande wa kulia na upande wa kushoto. Vipimo visipolingana, ekseli imesogea, na gari hutembea upande kama kaa. Mara nyingi kilichovunjika ni senta bolti, yaani boliti ndogo inayoyafunga majani pamoja na kuishika ekseli mahali pake, au bushi za springi zimekwisha. Hivi ni vipuri vya bei nafuu kuliko vyote. Nunua pia boliti za U mpya, kwa kuwa zile za zamani zimekwisha kunyooka kwa kuvutwa, na uzikaze tena baada ya safari za siku chache.

Magari madogo ya Kijapani yana namna mbili. Mengine yana mikono miwili ya chuma kila upande. Hapa anza na bushi za mikono hiyo. Katika mengi yao kuna boliti ya kurekebishia, ambayo bamba lake la duara halikutobolewa katikati. Ukiizungusha, mkono husogea. Ikiwa imeshikwa na kutu, boliti mpya ni rahisi kuliko mkono mpya. Ikiwa mkono wenyewe umepinda, uliotumika wafaa, mradi ulazwe juu ya kioo uonekane umenyooka, na utiwe bushi mpya.

Namna ya pili ni ekseli ya kipande kimoja, isiyo na boliti ya kurekebishia. Badili bushi zake mbili kubwa, kisha upime tena. Kasoro ikibaki kidogo, na ikiwa kitovu hufungwa kwa boliti, vipo vibati vyembamba vilivyochongwa mshazari ambavyo hutiwa kati ya kitovu na ekseli. Ekseli ikiwa imepinda sana, tafuta nyingine iliyotumika. Usikubali ipashwe moto na kunyoshwa kwa nyundo, kwani moto huilegeza chuma, nayo huweza kukatika ikiwa na watu juu yake.

Dukani, usitaje jina la gari peke yake. Gari la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na ekseli ya nyuma ya namna moja likivutwa na magurudumu mawili, na ya namna nyingine likivutwa na yote manne. Nakili herufi na namba za chasisi, chukua na kipuri cha zamani, uvilinganishe mkononi kabla ya kutoa fedha.

Lipo jambo moja lisilogharimu hata shilingi, nalo husahauliwa katika gereji nyingi. Boliti zinazopita katika bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa limeinuliwa kwa jeki. Zikikazwa juu ya jeki, gari linaposhushwa mpira hujisokota na kupasuka mapema, na fedha yote imepotea. Baada ya nyuma kunyooka, ndipo ya mbele yapimwe.

Dereva wa gari la serikali hanunui vipuri mwenyewe, lakini taarifa yake ndiyo inayoamua kitakachonunuliwa. Asiandike tu kwamba gari linavuta upande, aandike vipimo. Na askari aliyejipatia gari lake kwa mkopo wa chama cha akiba, kama Wazalendo au Exodus, hana fedha ya kununua matairi mapya kila mara huku bushi moja ikiachwa. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Katika gari, ufa ni bushi, na ukuta ni maisha ya wale waliokaa nyuma.