Mafunzo ya vileo yamfikie aliye kaunta

Msichana aliyemuuzia mtoto wa jirani yangu ile chupa alikuwa na wiki mbili tu kazini. Namjua, nyumba yao na yetu zinatazamana. Usiku ule kijana, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikutwa nyuma ya duka la pombe kali la mtaani kwetu, amelala chali, anakoroma kama mtu mwenye maji kooni. Waliomzunguka wakammwagia ndoo ya maji. Mmoja akaleta maziwa, wakamnywesha kwa nguvu. Mwingine akasema aachwe alale, itamtoka asubuhi. Mwenye tuktuk mmoja ndiye aliyekataa maneno yao, akampakia akampeleka hospitali. Huko tukaambiwa kuwa maziwa yale yalikuwa yameanza kuingia kwenye mapafu.

Alipona, alhamdulillahi. Siku ya tatu nikamkuta yule msichana amekaa barazani kwao, amejifunika leso mpaka machoni. Nikamuuliza, mwanangu, hukuona kuwa ni mtoto? Akanijibu: "Ami, mimi nilifundishwa bei tu. Bei na namba ya kulipia kwa simu. Hakuna aliyeniambia jengine."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa hufundishwa panaposemwa kuwa wafanyabiashara wa vileo wamepewa mafunzo. Leseni ya duka lile imetundikwa ukutani ndani ya fremu, kwa jina la mtu ambaye wengi wetu hatujamtia machoni. Nimewahi kuhudhuria semina mbili za aina hii. Ukumbi ulijaa wenye leseni na wanakamati, chai na sambusa zikapita, hotuba zikasomwa. Wauzaji wa kaunta, wahudumu wa meza na korokoroni wa mlangoni hawakuwemo. Walikuwa kazini.

Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza pia kumuajiri mtu wa umri huo kuuza. Inataka baa iwe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Imeweka saa: baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, na hufungwa saa tano usiku. Pombe ya kwenye vifuko vya plastiki imepigwa marufuku. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikakabidhi utoaji wa leseni za pombe kwa kaunti, pamoja na jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Kwa hiyo Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta haziwezi kusema jambo hili ni la Nairobi.

Lakini sheria haisimami kaunta saa nne ya usiku. Anayesimama ni kijana wa watu, na mbele yake kuna mteja mwenye pesa mkononi.

Sasa afundishwe nini? La kwanza ni umri. Watu hudhani ni jambo jepesi, kumbe ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu muuzaji hutazama ndevu na kimo badala ya kitambulisho. Kule Uingereza, ambako umri wa kisheria ni 18 kama hapa kwetu, maduka mengi yamejiwekea kanuni ya kumdai kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25. Faida yake ni kwamba muuzaji haingii katika mabishano ya kukisia. Humwambia mteja kuwa huo ndio utaratibu wa duka, kila kijana huulizwa. Asiye na kitambulisho hauziwi, hata akiwa ni mkubwa kweli.

Na kukataa nako hufundishwa, tena kwa mazoezi, kama watu wanavyofanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Msichana wa miaka ishirini atamwambiaje mwanamume mlevi, ambaye pengine ni rafiki wa bosi, kuwa hamuongezi? Maneno yanahitajika mapema. "Kaka, nisamehe, kuna kamera hapa, nitafutwa kazi" hufanya kazi kuliko mawaidha. Lakini maneno hayo yana thamani ikiwa tu bosi naye atamuunga mkono. Mwenye duka akimkata mshahara kwa kuwa mauzo yamepungua, semina yote imekwenda bure.

Halafu kuna hesabu, ambayo ningependa hata sisi tusiokunywa tuijue. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Ile chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250, yenye asilimia 40, ambayo kijana huificha mfukoni mwa suruali, ina gramu karibu 80. Yaani ameweka bia nne mfukoni, na anaweza kuzimeza zote kwa dakika tano. Ini la mtu mzima huondoa gramu saba hadi kumi hivi kwa saa. Kahawa chungu, maji baridi, ndimu na kutembezwa ufukweni haviliharakishi. Aliyemeza chupa ile saa mbili usiku huzidi kulewa hata baada ya kuacha kunywa, kwa kuwa iliyo tumboni bado inaingia kwenye damu. Ndiyo maana "muacheni alale" ni ushauri wa hatari.

Anayekoroma kwa mlio wa maji, asiyeamka ukimtikisa, anayepumua kwa kusitasita au aliyebadilika rangi midomoni, huyo ni mgonjwa. Hulazwa ubavu, kichwa kimeelekezwa chini kidogo ili matapishi yatoke nje, mtu akae naye, na gari litafutwe. Hanyweshwi kitu: si maziwa, si maji ya chumvi. Wala hatapishwi kwa kidole. Haya hufundishika kwa nusu saa, na kijana wa mtaani kwetu aliyakosa yote.

Mafunzo yaguse pia kile kinachouzwa. Mwezi Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Pombe za namna hii mara nyingi huwa zimetiwa methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho. Ubaya wake ni kuwa haijulikani papo hapo. Mnywaji hulewa kama kawaida, akaenda kulala, na baada ya saa 12 au hata siku nzima ndipo anaposema anaona ukungu, tumbo linamkata, pumzi zinampanda. Muuzaji anayejua hili, akisikia mteja wa jana analalamikia macho, atafunga chupa zilizobaki na kupiga simu. Asiyejua ataendelea kuuza. Stempu ya ushuru kwenye chupa nayo si pambo: Mamlaka ya Ushuru, KRA, ina programu ya simu iitwayo Soma Label inayosoma stempu hiyo na kuonyesha kama ni halali. Muuzaji mwenye simu janja ana kifaa cha ukaguzi mfukoni, ila hajaambiwa.

Wahudumu wa hoteli na vilabu vya Nyali, Diani na Watamu wana jambo lao zaidi, nalo ni watu kuwekewa "mchele", tembe za usingizi zinazotiwa kwenye glasi ya mtu ili aibiwe au afanyiwe uovu. Mhudumu ndiye mwenye nafasi ya kugundua, kwa mfano mgeni aliyekunywa glasi moja tu na tayari miguu haimbebi, huku mtu asiyemjua ana haraka ya kumtoa nje. Pombe ikichanganyika na tembe hizo pumzi hufifia, na huyo naye ni wa hospitali.

Nikisema biashara zenye leseni, msidhani nasema baa pekee. Duka la dawa nalo lina leseni. Hapa Pwani tunaijua bugizi vizuri, na tunajua kuwa watoto wetu hawaipati porini. Tembe za usingizi, tramadol, dawa za kikohozi zenye kodeini, zote ni dawa zinazotakiwa kutolewa kwa karatasi ya daktari, chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mfamasia aliyesoma anajua. Lakini jioni, mfamasia akishakwenda zake, nani amebaki dirishani? Mara nyingi ni mpwa wake. Kijana akija mara tatu kwa wiki na kikohozi kisichokwisha, huyo mpwa afundishwe kuwa kikohozi hicho si cha kifua, na ajue pa kumuelekeza. Malindi ina kliniki ya methadoni tangu 2015 kwa waliozama kwenye unga, na simu ya NACADA, 1192, hupigwa bure usiku na mchana.

Najua kuna ndugu watakaoniuliza mbona Muislamu anahangaika na namna pombe inavyouzwa, badala ya kutaka isiuzwe kabisa. Swali ni la haki. Mimi ningefurahi duka lile likifungwa kesho. Lakini tumeona mambo ya muguka: Mei 2024 gavana wa Mombasa aliipiga marufuku, Kilifi ikafuata, na kabla mwezi haujaisha mahakama ikasimamisha amri. Kesi huchukua muda, na huku nyuma maduka yako wazi. Tena wanaosimama humo ndani wengi ni wetu: mabinti wa Kisauni na Likoni waliokosa kazi nyengine. Kumfundisha binti kumuokoa aliyezidiwa si kumhalalishia kileo.

Sitawadanganya kuwa mafunzo peke yake yatatosha. Yalikojaribiwa katika nchi nyengine, ilionekana kuwa muuzaji aliyefundishwa hurudia mazoea yake ikiwa hakuna anayekagua na mwenye biashara hajali. Kwa hivyo yafungwe kwenye leseni. Leseni huhuishwa kila mwaka, na siku hiyo mwenye duka aje na majina ya watu wake wa kaunta, lini walifundishwa, na nani ameingia kazini tangu hapo, maana wafanyakazi wa kazi hii hubadilika kila mwezi. Yatolewe asubuhi, wakati baa zimefungwa, kwa Kiswahili cha watu, na chupa halisi mezani.

Na sisi wakazi tunao mlango wetu. Maombi ya leseni hutangazwa kabla ya kamati kukaa, na sheria inamruhusu mtu kupeleka pingamizi lake kwa maandishi, na sababu zake. Wengi wetu hatuendi kuzisoma karatasi zile mpaka muziki uanze kutunyima usingizi. Mwaka huu nimekusudia kwenda. Sina maneno mengi ya kuandika, ni swali moja tu: Jumamosi usiku nani atakuwa kaunta, na amefundishwa na nani?

Yule msichana aliacha kazi ile. Siku hizi anauza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na steji. Juzi aliniuliza ile namba tena, kwa kuwa kuna kijana wa maskani aliyemuomba. Nikamuandikia kwenye gazeti la kufungia mahamri: 1192.