Je, Mama Apimwe Damu Ili Kumjua Mtoto Aliye Tumboni?



Jioni moja, baada ya sala, mwalimu mmoja wa shule na mkewe walifika nyumbani kwangu. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitatu na zaidi. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemwita aende kupimwa damu, ili ijulikane kama mgongo wa mtoto una kasoro. Mke alitaka, mume hakutaka. Wakaniuliza, "Mwalimu, je, ni dhambi?"

Nikajibu upesi, "Mwachieni Mungu." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hata yule wa kwanza tulimwachia Mungu."

Nikaona haya, maana mimi ndimi niliyeongoza sala za maziko ya yule wa kwanza. Alizaliwa kijijini, na mgongoni palikuwa wazi. Jamaa wakasema ni laana, wakashindana nani mwenye kosa, na siku zikapita. Alipofikishwa hospitali homa ilikwisha kumshika, akafa. Basi nikawaomba wanipe siku chache, nikaenda kuuliza kwa wajuao. Haya ndiyo niliyofundishwa.

Mtoto akiwa tumboni hutengeneza proteini iitwayo alfafetoproteini, na kidogo chake huingia katika damu ya mama. Ikiwa mgongo au fuvu la mtoto halikufungika, proteini hiyo huvuja zaidi. Mwaka 1972 David Brock na Roger Sutcliffe wa Edinburgh waliiona imezidi katika maji ya uzazi ya watoto wa namna hiyo. Baadaye ikapimwa katika damu ya mama. Kipimo hufanywa kati ya juma la 15 na la 20 la mimba. Hutolewa damu kidogo mkononi, wala mtoto hadhuriki.

Lakini kipimo hiki ni kama mbwa abwekaye usiku: pengine ni mwizi, pengine ni mgeni, pengine ni upepo tu. Huenda mama amekosea hesabu ya miezi, au ana mapacha. Wengi walioambiwa kwamba kipimo kimepanda huzaa watoto wazima. Kwa hiyo hufuata picha ya ultrasaundi, ili mgongo na kichwa vitazamwe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri kila mama apate picha moja kabla ya juma la 24. Asiyeweza kukifikia kipimo cha damu asidhani amekosa yote. Na aulize habari za picha hiyo anapohudhuria kliniki.

Je, Kanisa lasemaje? Waraka wa Roma uitwao Donum Vitae, wa mwaka 1987, wafundisha kwamba kumchunguza mtoto tumboni ni halali, ikiwa uhai wake waheshimiwa na shabaha ni kumlinda au kumponya. Anayepima akiwa amekusudia kuitoa mimba majibu yakiwa mabaya, huyo atenda vibaya. Basi kabla ya kuuliza, "Tupime?", mume na mke waulizane, "Tukijua, tutafanya nini?"

Kuna mengi ya kufanya. Mtoto mwenye mgongo wazi yafaa azaliwe karibu na waganga wapasuaji, kama wale wa MOI, Muhimbili, maana kidonda chapasa kufungwa mapema, katika siku mbili za kwanza ikiwezekana. Kutoka Ufipa hata Dar es Salaam ni safari ndefu. Heri mtoto aifanye akiwa tumboni kuliko akiwa na kidonda. Na ikiwa fuvu halikuumbika, dawa haipo. Hata hivyo wazazi wataweza kujiandaa kumpokea, kumbatiza na kumwaga kwa amani.

Tena, jamaa waache kumlaumu mama. Katika Injili ya Yohane, Bwana wetu alipoulizwa habari za yule aliyezaliwa kipofu, alikataa kuwatwika wazazi dhambi.

Jambo la mwisho lawahusu wote. Mgongo wa mtoto hufungika kabla mimba haijatimiza siku 28, wakati mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Vidonge vya foliki asidi hupunguza sana hatari, lakini yapasa kuvianza mwezi mmoja au zaidi kabla ya mimba. Aliyekwisha kupata mtoto wa namna hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa amri ya mganga. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano wa viwandani utiwe foliki asidi. Lakini mahindi yetu tuyasagayo kijijini kwa kawaida hayana nyongeza hiyo. Maharage na mboga za majani vyasaidia, ila havitoshi peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nikawaeleza wale wawili yote haya. Mume akasema hofu yake ilikuwa jamaa, wasije wakamshurutisha mkewe kuitoa mimba. Mke akamjibu, "Mtoto ni wetu. Tutampokea jinsi atakavyokuja." Hapo mume akakubali, wakasafiri pamoja. Niandikapo haya majibu hayajafika. Tuwaombee.