Mafuta ya zeituni hayachukui nafasi ya dawa ya presha

Safarini Ugiriki, nilifika kijiji cha Ano Vouves kisiwani Krete kuona mzeituni mkongwe. Shina lake lina mzingo wa zaidi ya mita 12, na ndani ni tupu kama mzinga. Kwa kuwa moyo wa mti ulioza zamani, umri wake hukadiriwa tu: miaka 2,000 au zaidi. Hata hivyo bado unazaa. Mwaka wa 2004 matawi yake yalitumiwa kusokotea mataji ya Michezo ya Olimpiki ya Athens.

Nikiwa kivulini nilimkumbuka mama mmoja, mgonjwa wangu. Alisikia kwa jirani kwamba mafuta ya zeituni huponya presha. Akaacha vidonge, akawa anakunywa vijiko viwili vya mafuta hayo kila asubuhi. Baada ya miezi miwili aliletwa mdomo umepinda na mkono umelegea. Kilikuwa kiharusi.

Je, mafuta hayo hayana faida? Yanayo. Uchunguzi wa nchi saba ulioanzishwa na Mmarekani Ancel Keys mwaka wa 1958 ulionyesha kwamba wanaume wa Krete hawakufa sana kwa maradhi ya moyo. Lakini wengi wao walikuwa wakulima waliofanya kazi kwa mikono, wakala mboga, matunda na maharagwe kwa wingi, na nyama kidogo. Uchunguzi wa Uhispania uliohusisha watu zaidi ya 7,400, na kuchapishwa upya mwaka wa 2018 baada ya kusahihishwa, ulionyesha kuwa mlo kama huo wenye mafuta ya zeituni hupunguza visa vya kiharusi. Hiyo ni kinga. Haifanyi kazi ya vidonge.

Kumbuka pia kwamba kijiko kikubwa cha mafuta hayo kina kalori karibu 120. Yatumie mahali pa mafuta ya kuganda, usiyaongeze juu yake. Ikiwa bei imekushinda, usihuzunike. Sukuma wiki, ndengu, maharagwe, chumvi kidogo na kutembea nusu saa kila siku vitakusaidia.

Presha mara nyingi haina maumivu. Basi msomaji, nenda upimwe, na usiache dawa kabla ya kumwona daktari. Mti huweza kuishi moyo wake ukiwa umeoza, binadamu hawezi.